Meno ya Juu

Mkwe wangu Musonda ni fundi wa injini za boti pale bandarini Kashikishi, kwenye ziwa Mweru, na niseme mapema kwamba kazi yake anaijua. Injini ikikohoa katikati ya ziwa, anayetafutwa ni yeye. Lakini ukimtoa kwenye injini, kwa miaka mitano nilimwona kuwa mwanamume mpumbavu kuliko wote niliowahi kuwapikia, nami nimepikia wengi, hapa na kule Pweto nilikozaliwa.

Upumbavu wake ulikuwa juu ya watoto wake. Aliwatangaza kama samaki wa asubuhi. Binti yangu Chouchou alipojifungua mtoto wa kwanza, Suwilanji, Musonda alizunguka bandari nzima akitaja uzito: kilo tatu na gramu mia saba. Gramu alizitaja pia. Wanawake waliokuwa wakigeuza chisense, dagaa wetu wadogo, juani mchangani, walimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekunywa tangu alfajiri. Mtoto alipojigeuza kifudifudi kwa mara ya kwanza, bandari ilijua. Alipokaa bila kushikwa, bandari ilijua. Alipoota jino, baba alimpiga picha mdomoni na kuituma kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yake, na baadhi ya watu hao walikuwa Mwansabombwe msibani. Wako msibani, wanafungua simu, wanakuta ufizi wa mtoto.

Neno la kwanza la Suwi lilikuwa "mayi". Kwa Kiswahili cha kwetu, upande wa Congo, hayo ni maji. Mtoto alikuwa na kiu, akanyoosha mkono kwenye kikombe, akasema mayi, nikampa akanywa. Nilikuwepo mimi na Chouchou. Musonda aliporudi na kusimuliwa, alitangaza bandarini kwamba mwanawe ameanza na Kiingereza, kwamba amesema "mai", yaani "yangu", tena akiwa ameshika kikombe ili watu wajue ni cha kwake. Nilikaa na beseni langu la samaki nikamsikiliza akimweleza hivyo mnunuzi kutoka Mansa, na nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyemzaa.

Mume wangu mwenyewe, marehemu Félix, hakuwa hivyo. Nilimzalia watoto watano na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kukuambia alitembea lini. Alirudi nyumbani, akakuta mtoto anatembea, akampisha mlangoni. Mimi nililelewa nikijua kwamba hivyo ndivyo mwanamume alivyo. Huyu wa kupapasa fizi na kuhesabu hatua nilimwona kama mtu aliyevaa kitenge cha mke wake.

Nisingemchukia kwa hilo peke yake. Lakini alikuwa na tabia ya kupima watoto wa watu. Jirani yetu Nkonde, anayekaanga vitumbua karibu na bomba, ana binti ambaye hadi miaka mitatu alikuwa hajasema neno. Kila asubuhi Musonda alisimama pale, akanunua kitumbua, akainama mbele ya yule mtoto na kumtaka amsalimie. Mtoto alimtazama. Musonda akainuka na kumwambia Nkonde kwamba Suwi, akiwa na umri huo, alikuwa akisali Baba Yetu mwanzo hadi mwisho. Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema. Nkonde aligeuza vitumbua vyake. Nilimwambia Chouchou amkanye mume wake. Chouchou akaniambia, "Mama, eko na furaha tu." Furaha gani hiyo, ya kumkanyagia mtu kidonda.

Ndipo akazaliwa Méschac, mtoto wa kiume, wiki moja na mtoto wa Kaoma.

Kaoma ni mwenye boti tatu, zote za injini, na ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa Musonda. Naye alikuwa na majivuno yake, ila yake yalikuwa ya nyavu na mabati. Mkewe Olipa alipojifungua Chipego, Musonda alimwambukiza ugonjwa wake. Wanaume wawili wazima walisimama juu ya injini iliyofunguliwa, mafuta hadi kwenye viwiko, wakibishana ni mtoto wa nani aliyeinua kichwa kwanza. Mimi na Olipa hatukuwa marafiki, lakini siku moja tulitazamana juu ya beseni zetu, na kwa mara ile moja tulielewana.

Chipego aliota meno mawili ya chini akiwa na miezi mitano. Kaoma alimleta bandarini yeye mwenyewe kumwonyesha. Tangu siku hiyo Musonda hakupumzika. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliingiza kidole kwenye mdomo wa Méschac na kupapasa ufizi wa chini, taratibu, kutoka upande hadi upande, kama anayetafuta ufa kwenye bomba la mafuta. Mwezi wa sita hakuna kitu. Wa saba hakuna. Wa nane hakuna. Alianza kusema bandarini kwamba mtoto anayechelewa meno huwa na meno magumu zaidi, kwamba aliyasoma hayo mahali fulani. Hakuna mahali alipoyasoma.

Lile jino nililigundua mimi. Ilikuwa Jumanne, nikimlisha Méschac uji uani. Kijiko kiligonga kitu. Nikarudisha kijiko, kikagonga tena. Nikafurahi, nikamfungua mdomo kutazama chini, chini kulikuwa kutupu. Ndipo nikainua mdomo wa juu. Palikuwa na ncha mbili nyeupe, pamoja, juu.

Huenda aliyekulia mjini hajui maana yake. Mtoto anayeanza na meno ya juu, kwa Kiswahili wanamwita kigego. Wabemba wa hapa wanamwita chinkula, na wote wanasema huleta vifo. Bibi yangu alikuwa akishusha sauti akitaja jambo hilo. Alisema kwamba zamani watoto wa namna hiyo hawakuachwa wakue, na kwamba ziwa liliwajua. Mimi ni Mkristo, naongoza kwaya ya akina mama, na nimewasikia wahubiri wakisema mara nyingi kwamba hayo ni giza. Lakini kijiko kizima cha uji nilikimwaga kwenye kifua cha mtoto.

Nikamwita Chouchou. Alitazama, akaketi chini.

Nilimwambia kwamba Musonda asijue. Aliniuliza kwa nini, nami nikamweleza kama ninavyoeleza hapa, kwa sababu nilikuwa na hakika nayo. Mume wake ni mtu wa kulishwa sifa. Siku ambayo mtoto hana sifa ya kumpa, atamwona kama injini iliyokufa, atamsukuma kando. Nilimwambia nimewaona wanaume waliokimbia mambo madogo kuliko haya. Chouchou alisema hapana, kisha akasema labda, kisha akanyamaza akimnyonyesha mtoto. Nilichukua ule ukimya kuwa kibali.

Dada yangu analima mihogo upande wa Kafutuma. Nilimtuma Chouchou amwambie mumewe kwamba dada yangu hajisikii vizuri na anataka kumwona mjukuu, kwamba tutakaa wiki mbili au tatu. Nilitumaini kwamba katika muda huo meno ya chini yatatoka, na mtoto atarudi na kinywa cha kawaida, na hakuna atakayejua kipi kilitangulia. Musonda alikubali mara moja. Alisimama mlangoni, amegeuza uso pembeni kama mkwe anavyopaswa kuongea na mama mkwe, akaniomba nisisahau kuwaambia watu wa kule kwamba Méschac anasimama kwa kushika kiti. Alitaka Kafutuma nayo ijue.

Suwi tulimwacha kwa Nkonde, baba yake akiwa kazini.

Tulikosea kwenye stendi. Méschac alikuwa na joto, analia, mdomo wazi, na Olipa mke wa Kaoma akapita na mzigo wake. Alisimama kutusalimia. Alimtazama mtoto, akamtazama tena, kisha akasema kwa Kibemba kwamba kumbe ameota. Chouchou akamfunika mtoto kitenge. Olipa alitutakia safari njema. Nilijua kabla gari halijaondoka.

Kafutuma tulikaa siku sita. Kila asubuhi mimi nilipapasa ufizi wa chini, mimi niliyekuwa nikimcheka mwenzangu kwa jambo hilohilo.

Siku ya saba, jua likiwa kichwani, pikipiki iliingia kwenye uwanja wa dada yangu. Alikuwa Musonda, amevaa nguo za kazi, mikono myeusi. Nilikuja kujua baadaye kilichotokea. Asubuhi hiyo alikuwa ameifungua injini ya Kaoma vipande vipande, na Kaoma akaja na watu wake na kusema mbele ya wote kwamba injini yake haitaguswa tena na baba wa chinkula. Akasema pia kwamba ni haya gani kumficha mtoto mashambani badala ya kusema ukweli kwa watu wanaokwenda majini. Musonda hakuwa na habari. Aliomba arudiwe. Kaoma akarudia. Musonda akaweka spana chini na kwenda kuazima pikipiki.

Hakutusalimia. Kwa mtu anayesalimia hata mbwa wa watu, hilo lilinitisha. Chouchou alikuwa kivulini mwa nyumba na mtoto mapajani. Musonda alikwenda pale, akanyoosha mikono, akaiona, akairudisha. Akauliza maji yako wapi. Dada yangu akampa ndoo na kipande cha sabuni. Alinawa kwa muda mrefu, hadi kwenye viwiko, akisugua kila kucha, na sisi sote tukisubiri. Kisha akamchukua Méschac, akaingiza kidole, juu safari hii. Mtoto akamng'ata.

"Mbili," akasema.

Alimshikilia hivyo kitambo. Halafu akageuka na kunitazama mimi. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hata kama nyumba inaungua. Yeye alinitazama.

"Mama, mulimuficha mutoto yangu juu ya nini?"

"Juu ya bantu," nikasema.

"Bantu gani?"

Nikamtajia. Kaoma, Olipa, mzee Kalumba, wavuvi wote wale. Alingoja. Aliona bado sijamaliza.

"Na juu yako," nikasema. "Weye unapenda tu kusifiwa. Na hii meno haina ya kusifia. Nilisema utamukimbia."

Nilitarajia apige kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele, maana ningepata mahali pa kumshika. Alisema kwa sauti ndogo:

"Mulisema mimi nitamukimbia Méschac."

"Nilisema."

Akamgeukia mke wake. "Na weye Chouchou, ulisema?"

Chouchou alianza kulia, na alilia akimtazama yeye, mimi hakunitazama. Nilisimama pale nikijishughulisha na majani ya mihogo yaliyokuwa yameshachambuliwa.

Musonda akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mtoto gotini. Na hapo akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka sijui nicheke au niteme mate.

"Kila siku nilikuwa napapasa chini," akasema. "Chini tu. Hata siku moja sikupapasa juu." Akafikiri. "Zilitoka siku gani?"

"Jumanne," nikasema.

"Jumanne saa ngapi?"

"Saa ya uji."

Akatoa simu na kuandika. Mke wake analia, watu wa bandari wamemtukana, kazi imemponyoka, na yeye ameinama anaandika saa ya uji. Kisha akainua mdomo wa mtoto kwa kidole gumba na kupiga picha. Ilitoka na ukungu kwa sababu mtoto alitikisa kichwa. Akapiga nyingine.

Hakukasirika zaidi ya hapo. Alimpandisha Chouchou nyuma ya pikipiki, mtoto akiwa amefungwa katikati yao, wakaondoka bila kunywa hata maji. Mimi hakuniambia nipande. Hapakuwa na nafasi, ni kweli, lakini hakusema.

Kesho yake nilipata lori la mihogo lililokuwa likienda Kashikishi. Tulifika bandarini wakati boti zinatua, watu wamejaa, wanunuzi wanasukumana na mabeseni. Nilikuwa juu ya magunia, kwa hiyo niliona yote kabla ya kuonwa.

Musonda alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. Méschac alikuwa mkononi, amevalishwa soksi, Suwi ameshikwa mkono. Alikuwa akienda boti kwa boti. Kwa kila boti alisimama, akainua mdomo wa mtoto, na kutangaza. Kwa Wabemba alisema kwa Kibemba. Alipofika kwa wafanyabiashara waliovuka kutoka Kilwa ya upande wa Congo, alisema kwa Kiswahili, sauti juu kama mwenye kuuza:

"Muangalie. Mbili, zote za juu, zimetoka pamoja. Jumanne, saa ya uji."

Watu walirudi nyuma. Hilo si neno la kupamba, walirudi nyuma kweli, hadi wengine wakakanyaga samaki. Mwanamke mmoja aliweka mkono kwenye tumbo lake la mimba na kuondoka. Mzee Kalumba, ambaye amevua ziwa hili tangu kabla mimi sijalijua, alibeba beseni lake na kuhamia upande wa pili wa barabara. Musonda akavuka barabara akamfuata. Mzee akaongeza mwendo. Musonda naye akaongeza, mtoto akirukaruka mkononi na kucheka, hadi mzee akalazimika kusimama ukutani kwa duka, na hapo akaonyeshwa meno kama wengine. Mzee alifumba macho. Musonda alingoja hadi akafumbua.

Nilimdharau hata wakati huo, siwezi kudanganya. Nilisema moyoni: hata hili analifanya gwaride.

Kisha akaenda kwa Kaoma. Kaoma alisimama mbele ya boti yake, mikono kifuani, akamwambia amwondoe mtoto yule mahali pa boti, kwamba watu wana roho zao za kulinda. Alilisema polepole, kwa namna ya tajiri anayezungumza na mtu aliyemlipa. Musonda alimsikiliza hadi mwisho. Akamtazama Chipego, ambaye alikuwa mgongoni mwa Olipa, ananyonya ngumi.

"Wa kwako alianza chini," akasema, "sawa na kila mtu. Sina neno juu yake."

Alilisema kwa Kibemba, kwa huruma kabisa, kama alivyokuwa akisema kwa Nkonde habari za Baba Yetu. Na nikaona uso wa Kaoma ukibadilika rangi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu dharau ya mkwe wangu ilinipendeza. Niliionja kama sukari.

Kaoma akaamuru injini yake ichukuliwe vilevile ilivyo. Vijana wake wawili wakaubeba mwili wake, wa tatu akabeba kopo la boluti. Musonda aliwafuata hatua chache, mtoto mkononi, akawaeleza kwamba zile boluti fupi zinakaa nyuma na ndefu mbele, kwamba wakizibadilisha maji yataingia. Alirudia, wasije wakasahau.

Baada ya hapo yeye akabaki amesimama katikati ya duara la watu ambao hakuna aliyetaka kusogea. Nilimwona akianza kuchoka. Mkono uliomshika mtoto ulikuwa ukishuka. Chouchou alikuwa nyuma yake, peke yake, na nilijua kwamba pale ndipo pa mimi kushuka kwenye lori, nikasimame kando ya binti yangu. Magunia hayakuwa marefu. Nilikaa.

Aliyesogea alikuwa Nkonde. Aliacha sufuria yake ya mafuta, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaja akamchukua Méschac bila kuomba. Akaingiza kidole mdomoni mwake mbele ya watu wote.

"Makali," akasema. Kisha akamwambia Musonda amshikie yeye binti yake, yule asiyesema, kwa kuwa hawezi kubeba wawili. Musonda akamshika. Wakasimama hivyo, kila mmoja na mtoto wa mwenzake, na watu wakaanza kurudi kwenye samaki wao kwa sababu samaki hawangoji.

Ndipo nikashuka. Hakuna aliyeniuliza nilifika lini.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Boti tatu za Kaoma zilikwenda kwa fundi mwingine, ya mtoto wa mzee Kalumba ikafuata, na wengine ambao hawakusema sababu. Tulikula bukari, ugali wetu wa mihogo, na chisense, asubuhi uji bila sukari. Kanisani, benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi. Musonda alikaa kwenye kibanda chake na spana zilizopangwa kwa ukubwa, na mchana alimbeba mtoto kuzunguka naye, na kila aliyekutana naye alionyeshwa. Nilimwambia Chouchou kwamba angalau sasa angenyamaza kidogo, kwa faida ya tumbo. Chouchou hakunijibu. Alikuwa hanijibu tangu Kafutuma.

Meno ya chini yalitoka siku ya kumi na tisa tangu tulipotoka Kafutuma. Niliyaona mimi tena, na safari hii nilikwenda mwenyewe hadi kwenye kibanda cha Musonda kumwambia. Alinawa mikono, akaja mbio. Picha aliituma kwa kila namba, ya Kaoma ikiwemo.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Injini ikikufia katikati ya Mweru na mawimbi yanapanda, huulizi mtoto wa fundi alianza wapi. Kaoma peke yake hajarudi. Fundi wake mpya si mbaya, nasikia, ila ni mzito wa kazi. Olipa na mimi tunapishana sokoni, kila mmoja akitazama mzigo wake.

Musonda hajabadilika. Ningependa kusema alijifunza, lakini bado anasimama kwa Nkonde na kueleza Suwi anahesabu hadi ngapi. Tofauti ni kwamba Nkonde sasa anamwambia aende zake, na yeye anakwenda, kitumbua mkononi, bila kuchukizwa.

Chouchou alikula mbali na chungu changu karibu mwezi mzima. Siku moja tulikuwa tunamenya mihogo, nikamwomba msamaha. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu kwamba nilimkosea, na nilimkosea mtoto. Alimenya muhogo mzima kabla ya kusema kitu.

"Mama, papa alijua jino yangu ya kwanza ilitoka lini?"

"Hapana," nikasema. "Félix hakujua mambo ya vile."

"Na weye, ulijua?"

Nikafikiri. Nilikuwa na watoto watano, tulikuwa tukihama, yeye alikuwa wa nne. Nilijaribu kuona mdomo wake mdogo, nilijaribu kusikia kijiko. Nikamwambia sikumbuki. Alitikisa kichwa, akachukua muhogo mwingine. Jioni hiyo alipakua kutoka kwenye chungu changu, akakaa upande wangu, na tukala.

Yeye Musonda sijamwomba msamaha. Nimetaka mara mbili tatu. Lakini namjua: kabla ya saa sita mchana bandari nzima ingekuwa imepewa habari, na siku, na saa.